Kuanzia Mkuyu Hadi Mtoni

Leo fundi anakoroga chokaa uani kwangu, na harufu yake imenikaa kooni tangu asubuhi.

Siku ile ya utotoni nilikuwa namenya ndizi chini ya mkuyu wetu walipotokea askari wawili wa Mjerumani na mkalimani wao. Mjini boma lilikuwa linajengwa.

Niliinamisha kichwa mkalimani anishike utosini, kama mtoto wa kwetu anavyomsalimu mkubwa. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Mwanangu, wanaume wa hapa ni wangapi?" akauliza kwa lugha yetu.

Kwetu watu hawahesabiwi. Ukitaja idadi yao, unawaitia kifo. Mama alinifundisha kutaja mipaka tu, kwa hiyo nilinyoosha kidole, nikajibu kwa adabu, "Kuanzia mkuyu huu hadi mtoni, wote ni baba zangu."

Akatabasamu. "Umefundwa vizuri." Kisha akawageukia askari, akawaeleza.

Walianzia kwetu. Wakamfunga baba, wakaenda nyumba hadi nyumba, kamba ile ile moja, mpaka mtoni. Baba aliniangalia.

Mvua zilipokwisha, wanaume wetu walianza kurudi mmoja mmoja kutoka bomani, weupe kwa chokaa hadi kwenye kope, wakikohoa. Mama aliketi chini ya mkuyu akiwapokea, na hakuwahesabu.

Mimi niliwahesabu. Walikuwa wanne, na baba hakuwemo.