Siku Papa Alipofungua Mlango

Bendi yetu ilikuwa ya watu wanne: dada yangu mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyeimba, majirani wawili, kaka na mdogo wake, walipiga gitaa, mimi nilipiga ngoma. Muziki wetu ulikuwa roki, na watu wa Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani, waliuita kelele za wazungu. Tulifanya mazoezi chumba cha nyuma papa, baba yetu, akiwa msikitini. Papa ni fundi cherehani, mtu wa kimya, na tuliogopa hasira yake.

Alasiri moja alirudi mapema. Mlango ukafunguka, tukaacha kupiga.

"Nani iko anapiga ngoma?"

"Ni mimi, papa."

"Uko unachelewa. Mashini yangu ikienda hivi, nguo inaharibika. Anza tena."

Nikaanza. Papa alipiga mguu sakafuni kama anakanyaga mashini yake, nami nikamfuata, jasho likinitoka. Tangu siku hiyo hatukujificha.

Mwanafunzi mmoja aliyepanga jirani alituchukua video kwa simu, akaiweka mtandaoni. Kwanza kimya. Kisha watu wa Brazili wakaanza kutuandikia, na wa Polandi, mpaka ukaja mwaliko wa tamasha kubwa Ujerumani. Mwandalizi alitaka tuimbe Kiingereza. Dada akamjibu kwenye simu, kwa Kifaransa chake cha darasani, kwamba nyimbo zake ni za Kiswahili cha Kisangani na zitabaki hivyo. Nilimkanyaga mguu, nilidhani ametuharibia maisha. Mwandalizi akacheka, akakubali.

Huko Ujerumani, mbele ya umati ambao sikuuona mwisho wake, niliharakisha ngoma hadi wimbo wa pili. Kwenye wa tatu watu waliitikia "Tuko hapa! Tuko hapa!" wakikosea matamshi bila aibu. Dada alinigeukia, machozi yanamtoka. Baada ya hapo tuliitwa Ufaransa, Brazili, Japani.

Mwaka jana tulirudi nyumbani, tukapiga Lubunga, mtaa wa ng'ambo ya mto. Tulivuka kwa pirogi, mtumbwi wa gogo, nimeikumbatia ngoma kubwa isilowe. Papa alikaa mstari wa mbele, pamba masikioni, mama akimcheka. Tulipomaliza, watu walikataa kuondoka. Hatukuwa na wimbo mwingine ila mmoja mpya, ambao bado haukuwa na maneno yote. Tukaupiga hivyohivyo, na pale dada alipokwama, Lubunga nzima ikaimba chochote ilichotaka.