Mlango wa Mwalimu na Kompyuta ya Mama Futi

Mama Futi alikuwa na sheria moja ya kazi. Ramani yoyote ya nyumba aliyoichora aliifuata kwa miguu yake mpaka kwenye kiwanja, akasimama na mafundi na kuwasomea kabla tofali la kwanza halijalazwa, kisha tena kabla lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango, haijamwagwa. Hakutuma mtu. Mafundi walimcheka kwa ile futi kamba iliyokaa kiunoni mwake kama upanga, wakambandika jina, naye akalipokea.

Sheria hiyo hakuitoa kitabuni. Alipokuwa bado mbichi katika kazi, alimchorea mwalimu mmoja mjane nyumba ya vyumba vitatu, kwenye karatasi nyepesi inayopitisha mwanga. Asubuhi ya kuanza ujenzi mvua ilinyesha. Yeye akaona uvivu, akaituma ramani kwa mtu aliyekuwa anapita njia ile. Fundi hakujua kusoma. Aliitandaza karatasi nyuma mbele, mistari ikaonekana vizuri kabisa, na maandishi yaliyogeuka hayakumwambia kitu. Nyumba nzima ikajengwa hivyo, kushoto kukawa kulia. Mlango wa jikoni, uliokusudiwa kutazama uwanja, ukatazama ukuta wa jirani, hatua mbili tu kutoka kizingitini.

Mwalimu hakugomba. Alisema tu, "Nitazoea, mwanangu."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Siku hizi kosa la namna hiyo huitwa kosa la kila mtu, maana yake si la mtu yeyote. Mama Futi alijua ni la nani. Kwa miaka kumi na minane aliizunguka mitaa miwili ya ziada ili asipite mbele ya nyumba ile.

Basi kompyuta yake ya zamani ikakata roho. Kabla maiti haijapoa, shemeji yake mkandarasi, mdogo wa mumewe, akaingia ofisini akihema.

"Hiyo isikulize, shemeji. Nimepata nyumba ya wageni, ghorofa tatu, barabara kuu. Ila mwenyewe hataki mistari, anataka picha. Aone mpaka pazia linavyopepea. Nunua mashine ya maana, kazi ni yako."

Mama Futi hakuwahi kuchora jengo la kupita ghorofa moja. Kule barabara kuu kungesimamishwa kibao, na kwenye kibao lingeandikwa jina lake. Tusimfanye malaika: alilitaka jina hilo pale juu.

Dukani muuzaji alimwekea kompyuta mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba kama daftari. Mistari ingechora bila shida, lakini picha za mapazia zingeishinda. Ya pili ilikuwa pana, nzito, na chaja yake peke yake ilikuwa nusu tofali.

"Mama, hii ni trekta," muuzaji alisema, akiipiga ile nzito kofi la mgongoni. "Ile pale ni baiskeli."

"Trekta lako linapanda ngazi?"

"Ngazi gani tena?"

"Na betri? Kwenye kiwanja hakuna umeme."

"Ukiifanyisha kazi ya picha, saa moja. Saa moja na kidogo."

"Na baiskeli?"

"Hiyo itashinda na wewe mpaka jioni."

Mama Futi alifungua mkoba wake wa kazini. Ndani mlikuwa na kofia ngumu, pima maji, na ramani zilizokunjwa. Akaomba ruhusa, akaitia ile nzito na chaja yake, akatoka kupanda ngazi za jengo lile huku muuzaji akimfuata nyuma kama mtu anayesindikiza mali yake. Ghorofa ya kwanza alifika vizuri. Ya pili, bega la kushoto, lile alilolivunja siku alipoanguka kutoka jukwaa la mafundi, likaanza kumkumbusha habari za zamani. Ya tatu hakufika. Aliposhuka akatia ile nyepesi, akapanda mpaka juu na kurudi.

"Sasa mama, umeamua?"

"Bega limeamua. Mimi bado."

Jioni aliyapeleka maneno hayo nyumbani. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ndiyo ilikuwa karakana yake. Alikuwa anapiga pindo la suruali, na shemeji alikuwa ameshawahi kiti.

"Ngazi waachie mafundi," shemeji alisema. "Wewe kaa ofisini upepewe na feni. Mimi nitakuletea picha za simu kila siku. Dunia imebadilika, shemeji."

"Dunia imebadilika, watu bado wanageuza karatasi," alijibu. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kukubali. Akamgeukia mumewe. "Baba Watoto, na wewe mbona kimya?"

Mumewe alikata uzi kwa meno. "Mimi cherehani yangu ni ya chuma, watu wawili hawaibebi. Sijawahi kuijutia. Nguo ndiyo inayokuja kwenye cherehani. Nyumba je, itakuja mezani kwako?"

Shemeji alicheka. "Kaka, na wewe umekuwa mshauri wa kompyuta!"

"Nimeuliza tu. Nipitishie mkasi."

Mama Futi alimpa mkasi. Asubuhi alikwenda akanunua ile nyepesi.

Shemeji alikasirika, na hakuificha hasira yake. "Nimekupandisha jukwaani, wewe umeomba kurudi kwenye mkeka," alisema, kisha akampa kazi mchoraji mwingine. Wanaopenda visa wangetaka jengo lile lipasuke. Halikupasuka. Mchoraji yule aliijua kazi, na nyumba ya wageni imesimama wima, inapendeza. Uamuzi mwema hauhitaji aibu ya mtu mwingine ili uwe mwema.

Kazi ya kwanza ya kompyuta mpya hakuna aliyemwagiza. Mama Futi aliitia mkobani, akaacha kuzunguka ile mitaa miwili, akabisha hodi kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa amezeeka, macho bado makali. Jikoni taa ilikuwa inawaka saa nne ya asubuhi. Mama Futi aliweka kompyuta juu ya meza, kati ya sufuria na kikapu cha vitunguu. Alifungua ramani ya zamani aliyoinakili upya, kwanza jinsi nyumba ilivyojengwa, kisha akaigeuza mbele ya macho ya mwalimu, kulia kukarudi kulia.

"Hii ndiyo niliyokuchorea. Ile unayokaa imegeuzwa, na kosa ni langu. Sikuja siku ile."

Mwalimu aliinamia kioo muda mrefu, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Kumbe miaka yote nimekaa kwenye kioo! Ndiyo maana sijazoea."

"Nyumba siwezi kuigeuza, Mwalimu. Mlango naweza kuuhamisha. Bila malipo."

"Malipo ya nini tena? Ulichelewa, unataka na ahsante?" Akanyoosha kidole kwenye ukuta wa upande wa uwanja. "Hapa. Na uwe mpana, nimenenepa."

Siku ya kutoboa ukuta Mama Futi alifika kabla ya fundi. Alipanda ngazi na kompyuta mkononi, akamwonyesha mahali lenta itakapolala, akapima, akapima tena. Mchana tofali la mwisho liliondolewa, mwanga ukaingia mpaka chini ya meza. Mwalimu alizima taa, akavuta kiti, akakaa mlangoni akitazama uwanja wake. Kabla ya jioni majirani wawili walikuwa wameshakuja kuuliza ni nani aliyepima.

Nyumba ya wageni ina kibao kizuri, na jina la Mama Futi halimo. Mlango wa mwalimu ulimgharimu ghorofa tatu.