Mwenyeji wa Jumamosi

Kwenye ofisi moja ndogo ya ardhi huko Masisi, mbele yangu alisimama baba mmoja mwenye matope ya shamba kwenye buti. Alitaka atambuliwe kuwa mwenye shamba analolima maharagi, pale Kingi. Karani hakuinua kichwa.

«Papa, uko originaire, muzaliwa wa hapa?»

«Baba yangu alizaliwa hapa. Miye, mama alinizalia Walikale.»

«Basi uko mutu wa Walikale. Sheria ya zamani ilisema udongo na kiti cha uchefu ni ya wazaliwa.»

«Si waliifuta?»

«Waliifuta, lakini watu bangali wanaifuata.»

«Na kule Walikale waliniambia: baba yako ni wa Masisi, rudia kwenu.»

Karani akajikuna shingo kwa kalamu. «Sasa miye nifanye nini?»

Yule baba akafikiri kidogo, bila hasira. «Nikuulize, Papa. Jumamosi ya salongo, wakati chefu anaita wenyeji wote watoke kuzibua mifereji, miye nibakie nyumbani?»

«Hapana! Salongo njo ya watu wote.»

«Aah,» akasema, akavaa kofia yake, akatoka bila shamba.

Jumamosi nilipita Kingi. Watu walikuwa mferejini na majembe, na chefu alisimama juu ya ukingo akipaza sauti: «Wenyeji, muko?»

Aliyeitika kabla ya wote alikuwa yule baba wa ofisini.