Mufuko Unapimwa Chini

Kuuliza si ujinga, wanasema. Kwangu kuuliza ni ugonjwa. Nikinunua muhogo nauliza ulilimwa wapi. Nikipanda pikipiki nauliza breki kwanza. Kwa hiyo yule muuza kompyuta wa hapa Kolwezi aliponiwekea mezani diski ndogo iliyovaa ganda la mpira, akaapa kwamba haiogopi vumbi, maji wala kuanguka, na kwamba ina mbio kuliko zote, nilimwambia kwa heshima: "Tata, unipe siku tatu nijionee mwenyewe." Akakubali, ila nimwachie kamera yangu ya zamani mpaka nirudi.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, ubatizo na kwaya. Diski zangu mbili za kwanza, zile zenye sahani inayozunguka ndani, zilikufa kwenye barabara ya Fungurume nyuma ya malori ya madini, zikigonga ka, ka, ka kama mtu aliyefungiwa nje. Ya pili ilikufa na harusi nzima tumboni. Mpaka leo mama wa bibi harusi akiniona sokoni anageuza uso, na ana haki.

Safari hii haikuwa harusi. Ilikuwa sauti ya mama yangu. Alikuwa ameota uvimbe kooni, na daktari alisema wazi kwamba akipasuliwa sauti inaweza isirudi. Mama aliyeimbisha kwaya ya parokia tangu mimi niko mgongoni mwake! Nikamwomba wimbo mmoja tu, ule mrefu aliofundishwa na mama yake kule Sandoa. Akakubali kwa sharti moja: "Mara moja tu, mutoto wangu. Sauti yenye ilibakia haienee mara mbili." Kamera ninayotumia sasa huandika moja kwa moja kwenye diski kupitia waya, diski ikishindwa njiani, wimbo unakatika hapo hapo. Niliogopa, sifichi.

Basi nikapima. Niliiangusha kutoka mezani hadi kwenye sementi, mara tano. Niliizika kwenye vumbi jekundu la uani. Niliimwagia maji, nikaikausha kwa kitenge. Nikaipa video ya ubatizo mmoja, na kabla sijamaliza kukohoa yote ilikuwa imeingia. Aka! Nilicheka peke yangu kama mwenda wazimu.

Yaya, kaka yangu mkubwa anayechimba shaba na kobalti, alikuwa ameketi mlangoni akila karanga na kunitazama.

"Uko napima mufuko," alisema. "Hauko napima mawe."

"Una maana gani, yaya?"

"Mununuzi wa madini mwenye akili hapime mawe ya juu. Anamwanga mufuko yote chini. Batu banaweka mawe mazuri juu, mabovu banaficha chini."

"Na wewe unafanyaga hivyo?"

"Mi? Mi ni mukristo!" akasema, na karanga zikampalia kwa kicheko.

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nikaanza kuijaza diski kwa kila nilichokuwa nacho, harusi juu ya harusi, macho yangu kwenye namba za mwendo. Nusu ya kwanza ilikimbia vizuri. Ilipokaribia robo tatu, namba zikaporomoka hata nikadhani waya umelegea. Niligusa ganda: moto kama sahani ya bukari, ugali wetu, iliyopakuliwa sasa hivi. Kumbe zile mbio alizonisifia tata wa dukani zilikuwa mawe ya juu! Lakini haikufa, wala haikupoteza hata video moja, ilichoka tu. Nikataka kujua inachokea wapi hasa. Nikaifuta yote, nikailaza juu ya mfuniko wa sufuria ya alumini ili joto lipate pa kwenda, nikapunguza ukubwa wa picha, nikaanza upya. Ikaenda saa nzima bila kuyumba. Nikamwambia muuzaji naichukua.

Jumapili, siku moja kabla ya kwenda hospitali, mama aliketi sebuleni na kitenge chake kipya, akaimba. Sauti ilikwaruza, lakini haikupotea njia. Mimi sikumtazama. Nilikuwa nimeinamia mfuniko wa sufuria, kidole juu ya diski, nikipima joto. Alipomaliza alisema neno, sikulishika, maana nilikuwa nangoja kuona kama taa ya diski itazimika vizuri. Ilipozimika nilikimbiza diski kwenye kompyuta. Wimbo ulikuwamo.

Uvimbe ulitolewa. Mama alipona, sauti haikurudi.

Aliporudi nyumbani nilimfungulia video. Hakutaka mwanzo. Yaya alikwisha kumsimulia hospitalini habari za mufuko, basi mama akanyoosha mikono miwili na kuipindua, kama mtu anayemwaga mfuko: chini. Tukacheka sote, nikasogeza hadi mwisho. Wimbo ukaisha. Picha ikaendelea kidogo, na mama wa kwenye video akaangalia upande wangu, akauliza kwa ile sauti yake:

"Mutoto wangu, yote imeingia?"

Hakuna aliyemjibu. Akangoja. Kisha akatazama mikono yake, na video ikakatika.

Mama alinigeukia, akangoja tena vilevile.

"Yote, mama," nilimwambia. "Yote imeingia."