Nilivyoukalia Mto wa Mtani

Mjukuu wangu anacheza mpira wa miguu na analipwa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililotaka kusema, na anayetaka kuishia hapa aishie, kubwa ameshalipata. Analipwa na timu ya hapa London, timu kamili, yenye basi lake na daktari wake na mtu ambaye kazi yake ni kufua jezi tu. Mtoto wa binti yangu huyo. Na miguu ni yangu, maana mama yake alirithi ya baba yake, miembamba kama fito.

Lakini nusura akatae, na sababu alikuwa jirani.

Kwanza nieleze mji huu ulivyojigawia timu, la sivyo hutaelewa kwa nini mzee mzima alimnunia mtoto. Kwetu Tabora nilipokuwa msichana, timu zilikuwa za kazi. Kulikuwa na timu ya watu wa reli, ya polisi, ya magereza. Ukiuliza timu hii ya wapi, unajibiwa ya nani. Reli ilipoanza kuugua, timu yake ikakohoa, kisha ikafa, na hakuna aliyeizika. Tukabaki na zile mbili za Dar es Salaam, sizitaji, wenyewe wanajijua. Timu mbili, mji mmoja, ukitoka kwa hawa kwenda kwa wale hata kiatu hakipati vumbi. Na nchi nzima, kuanzia Kigoma mpaka Mtwara, imepasuliwa katikati kama muhogo: wewe wa huku, mimi wa kule. Marehemu mume wangu alikuwa wa kule. Tulilala kitanda kimoja mpaka Mungu alipomchukua, na kila timu yake ilipofungwa nilimpikia pilau. La kumpongeza.

London siyo hivyo. Hapa timu ni ya mtaa, na aliyenieleza ni huyo huyo jirani. Sisi tunakaa Tottenham, ghorofa ya tatu, kwenye flati za halmashauri, na mlango wake unatazamana na wetu. Ni mzee wa Jamaica, ameendesha basi la mjini mpaka akastaafu, mkewe alishatangulia. Anadhani jina langu ni Bibi, kwa sababu ndivyo alivyomsikia mtoto akiniita. Sijamsahihisha. Kiingereza changu ni cha kununulia mboga na chake kina Jamaica ndani yake, lakini tunaelewana, na hapa nayaandika mazungumzo yetu kwa Kiswahili kwa sababu kitabu ni changu.

"Bibi," aliniambia siku moja tumesimama kwenye korido, "kila nilipofika mwisho wa ruti nikageuza basi, nilikuta uwanja. Kaskazini uwanja, magharibi uwanja, ukivuka mto uwanja. Iko miji katika nchi hii, mikubwa tu, inaililia timu moja. Sisi tumerundikiwa."

"Nani aliwagawia?"

"Hakuna aliyegawa. Walianza vijana wa mtaani, wengine wa kanisani, wengine wa kiwandani. Mtaa ukakua na timu ikakua."

"Na mtu akipenda timu ya mtaa mwingine?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza mtu akipenda mke wa mwenzake. "Anahama," akasema.

Sasa, mzee huyu ndiye aliyempa mjukuu wangu mpira wa kwanza. Binti yangu ni nesi, zamu zake hazina adabu, ndiyo maana niliitwa nije nilee. Mimi nilisimama kwenye balkoni na blanketi mabegani, wao wako chini kwenye lami, chini ya kibao kinachokataza kucheza mpira, na yeye anapaza sauti: "Kushoto! Wa kulia kila mtu anao! Kushoto ndiyo siri yako!" Mtoto alikuwa ameng'oka meno ya mbele, mapya bado hayajaota.

Akakua, akacheza shuleni, akacheza kwenye mabonde ya nyasi yenye matope mpaka mashine yetu ya kufulia ikafa. Halafu akaja kocha akamwona. Kocha wa timu ya wanawake, timu ya kulipwa. Ya wapi? Ya mtaa wa pili. Vituo vichache vya basi kutoka hapa. Wale wale ambao jirani yangu hata jina lao halitamki, anasema "wale watu".

Mtoto alikimbia kumwambia yeye kabla hajamwambia hata mama yake. Mzee alikuwa ametoka dukani, mfuko mkononi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Ahaa," akasema, akaingia ndani, akafunga.

Tangu hapo hakumsalimia. Kwenye lifti alikuwa anatazama namba. Mimi alinisalimia, ila kwa kidevu.

Timu ikampa mtoto siku. Jumapili kulikuwa na mechi ya kirafiki, acheze, familia ije itazame, na baada ya mechi, akitaka, asaini mkataba. Ijumaa akaja kukaa kitandani kwangu, bado na soksi za mazoezi, zinanuka kama mbuzi.

"Bibi, siendi." Yeye Kiswahili anakisikia chote, lakini kinywa chake ni cha hapa.

"Huendi wapi, mke mwenzangu?"

"Nitasubiri timu nyingine. Mzee anaona mimi ni msaliti."

"Amesema?"

"Angesema ingekuwa afadhali! Anapita kama mimi ni ukuta. Bibi, yeye ndiye aliyenifundisha. Siwezi kuvaa ile jezi halafu nipande lifti naye kila siku."

Mama yake alikuwa ameshampigia kelele mpaka sauti imekauka. Mimi sikupiga kelele. Nilimwambia akaoge. Kisha nikakaa nikawaza, na kadiri nilivyowaza ndivyo nilivyowaonea huruma watu wa mji huu.

Mimi ni Mnyamwezi. Sisi na Wazaramo ni watani. Mtani ni mtu wa upande wa pili ambaye ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kumkamata kuku wako huku unamtazama, na ukikasirika aibu ni yako. Lakini ukifa yeye ndiye wa kwanza kufika, anashika jembe la kaburi, anaigiza ulivyokuwa unakoroma mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Ndiyo maana hata zile timu mbili za Dar tunaziita watani. London wamejigawia timu kila kona, uhasama wanao wa kujaza ghala, ila utani hawana. Ni kama kumiliki kisu bila mpini.

Basi Jumamosi asubuhi nikajifunga kitenge, nikabisha kwa mzee. Alifungua na kikombe cha chai mkononi. Nikampita. Kwenye kiti chake mbele ya televisheni kulikuwa na mto wake wa kukalia uwanjani, una nembo ya timu yake, umebonyea katikati kwa umbo la makalio yake. Nikauchukua, nikautia kwapani.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nakuibia."

"Weka chini."

"Siweki. Mjukuu wangu amekwenda upande wa pili, kwa hiyo sasa mimi na wewe ni watani. Naruhusiwa."

"Ni nini?"

"Mtani! Ningekuibia kuku lakini hufugi."

Alinifuata mpaka koridoni na soksi zake. "Huo mto nimekaa nao tangu mke wangu yuko hai!"

"Vizuri. Kesho utakuwa kwenye uwanja wa wale watu, chini ya makalio yangu. Ukiutaka, njoo uutoe."

Nikafunga mlango. Nikageuza na ufunguo, maana nchi hii mtu anaita polisi kwa ajili ya paka. Binti yangu alipoona mto alishika kichwa. "Mama! Hapa siyo Tabora! Umeiba!"

"Nimetania," nikasema. Na kwa mtoto nikasema, "Wewe kesho nenda ucheze. Kusaini utaamua mwenyewe huko huko."

Jumapili manyunyu, baridi ya kuingia kwenye magoti. Watu hawakuwa wengi. Nilikaa juu ya mto, nembo juu, ili nijue nakalia nini, na kiti cha pembeni yangu nikakiwekea mkoba. Mtoto alicheza kama aliyeazimwa viatu. Kila mpira aliopata alimrudishia mwenzake upesi upesi, halafu anainua macho kwenye jukwaa. Anaona mimi. Anaona mkoba.

Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza zamani nilipowasikia watu wa nyuma wanazomea huku wanacheka. Nikageuka. Mzee alikuwa anapanda ngazi moja moja, magoti yake ya udereva hayataki, na shingoni amejifunga skafu ya timu yake, katikati ya wale watu! Uso ameukaza kama anakwenda kutahiriwa.

"Inuka," akaniambia.

"Siinuki."

"Bibi, inuka, huo ni wangu."

"Kaa kwenye plastiki kama binadamu wengine."

Akakaa. Akanuna. Na wakati ule ule mtoto akapata mpira pembeni, akauweka mguu wa kulia, beki amemkaribia, na mzee akaruka juu kana kwamba magoti ni ya kijana.

"KUSHOTO! WA KULIA KILA MTU ANAO!"

Jukwaa zima liligeuka. Mtoto alisikia, niliona mabega yake yakicheka. Akavuta mpira ndani, beki akaenda kununua mboga upande mwingine, na mguu wa kushoto ukaachia. Ukagonga mtambaa wa panya mpaka nyavu zikatikisika, ukarudi uwanjani. Halikuwa bao. Lakini watu walisimama wote, na mzee alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili kama mfiwa.

Kisha akakumbuka yuko wapi, akaketi taratibu. "Sikushangilia," akasema. "Nilikuwa namsahihisha."

Baada ya hapo mtoto alicheza kama yule wa kwenye lami. Mechi ilipokwisha akaja kwenye uzio, nywele zinachuruzika. Wakatazamana.

"Hiyo jezi ni mbaya kama ugonjwa wa ngozi," mzee akasema.

"Najua."

"Na tutawafunga kila mwaka."

"Tutaona."

"Basi kasaini. Nimechoka kuwacheka watu nisiowajua."

Akasaini. Nilikuwepo, nimesimama nyuma yake. Mimi niliishia darasa la nne na yaliyoandikwa pale sikuyaelewa, mama yake ndiye aliyesoma. Nilichotazama mimi ni mkono wa mtoto. Uliandika jina lote bila kusita.

Mto sikurudisha, kuku wa mtani harudi. Mzee alilalamika siku mbili tatu kisha akaacha, nikadhani ameshindwa. Halafu jioni moja akabisha. Nilipofungua alinipita, akaenda moja kwa moja jikoni, akalinyanyua sufuria langu kubwa la pilau, lile nililokuja nalo kutoka nyumbani, pamoja na mfuniko wake.

"Nakuibia," akasema. Kisha akasimama mlangoni, akakusanya mdomo ili alitamke lile neno ambalo mtoto amemfundisha. "Mimi... mtaani."

Mjukuu wangu alianguka kwenye kochi kwa kicheko. "Siyo mtaani, ni mtani!"

Nikamwambia amwache. Mzee amekuwa mtu wa mtaa wake maisha yake yote, ulimi umezoea. Mimi mwenyewe ananiita Bibi.

Mjukuu wangu anapanda lifti na jezi yake na mzee anamtukana kuanzia chini mpaka ghorofa ya tatu, na mlango unapofunguka wanatoka wote wanacheka. Na siku timu ya mzee ikifungwa inabidi niende kumwomba sufuria langu nimpikie pilau la kumpongeza. Ananipa. Mfuniko anabaki nao.