Kabla hujakokota ndoano ya samaki mkubwa, soma yaliyompata shemeji yangu kule Nungwe

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna mwanachama aliuliza humu afanye nini ili aongeze nafasi ya kumpata marlin, yule ambaye watu wa pwani humwita sulisuli, kwa kukokota ndoano nyuma ya boti kwenye maji makuu. Alijibiwa vizuri: mwendo wa boti, rangi ya chambo, urefu wa mshipi. Nilisoma majibu yote hadi mwisho. Kuna jambo moja sikuliona, na ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Sulisuli sijawahi kumwona. Mimi ni mtu wa Shinyanga, bahari nimeijua ukubwani. Lakini kukokota ndoano nimekushuhudia Ziwa Victoria, nikiwa nimekaa katikati ya mtumbwi. Nitaandika niliyoyaona, na pale ambapo sikumbuki nitasema sikumbuki.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba upande wa Geita, karibu na Ghuba ya Nungwe.

Sangara ndiyo kwanza walikuwa wanaanza kuwa wengi. Wapo waliokataa hata kuwaonja, wakisema wana mafuta mno na sura mbaya. Lakini walaji waliongezeka haraka, na mwenye nafasi kwenye mtumbwi akaanza kuonekana mtu.

Dada yangu, Mama Kulwa, alikuwa ameolewa Samuye na bwana mmoja jina lake Maduhu. Maduhu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kulima kwa maksai ndiyo kazi iliyompa jina. Walikuwa wakimwita hadi vijiji vya mbali akawafundishe madume yao kuvuta jembe.

Ukame ukaja, ugonjwa wa mifugo ukafuata, maksai wakaisha.

Alikuwa na njia mbili. Mdogo wake alikuwa Bulyanhulu anachimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, akamwita. Na mimi nilikuwa ziwani. Alipofika kwangu na kifurushi chake nilimuuliza kwa nini hakwenda machimboni. Akasema, "Shemeji, mimi siingii ardhini kabla ya siku yangu."

Mpango wake ulikuwa wazi. Apate nafasi kwenye mtumbwi, ajenge kibanda, kisha mavuno yakiisha dada yangu aje na mapacha, Kulwa na Doto, waishi pamoja Nungwe. Akikosa, ni Bulyanhulu, na kule hakuwa tayari kupeleka mke na watoto.

Nikampeleka kwa Bwire. Huyu alikuwa na mtumbwi wa mbao na sifa ya kutorudi mikono mitupu. Mwenzake wa siku zote alikuwa Magesa, mtu wa maneno mengi na mabega mapana. Mtu wao wa tatu, aliyekuwa akishika mshipi, alikuwa amehamia Mwanza.

Bwire alikuwa na utaratibu wake. Nafasi ya mshipi humpi mtu kwa kumpenda. Atajifunza, na siku atakapomtoa sangara mkubwa kwa mikono yake mwenyewe, sangara wa kubebwa mtini na watu wawili, wenzake wakiwa mashahidi, siku hiyo ni wa mtumbwi ule.

"Wa kwako umeshafuga," Magesa alimwambia siku ya kwanza. "Hawa wetu hawana mikia ya kushika."

"Mkia anao," Maduhu akajibu. "Ni wewe hujui upande wa kumsukumia."

Basi akaanza kujifunza. Siku za kazi nilikuwa kiwandani, lakini jioni nilikuwa nateremka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kuwasikiliza, na Jumapili moja moja walinipakia. Aliyofundishwa nayaweka hapa, kwa sababu naamini hata kwa sulisuli yana maana.

Kwanza, usikokote ovyo. Bwire alikuwa anatafuta ndege weupe wanaodonoa dagaa. Ndege wakiinama pamoja, chini kuna anayewasukuma dagaa juu. Ila hapiti katikati yao. Anazunguka pembeni, maana ukipita katikati dagaa wanatawanyika na mkubwa anawafuata.

Pasipo ndege, alifuata ukingo wa mwamba, pale ambapo maji ya kina kifupi yanakatika ghafla. Sangara hulala pale chini akisubiri.

Pili, usiende mstari ulionyooka. Kata kona. Mtumbwi ukipinda, chambo kinazama kidogo kisha kinapanda, kama samaki aliyechoka anayejaribu kukimbia. Kwa nilivyoona mimi, mara nyingi sangara alishika kwenye kona.

Tatu, ndoano inanolewa kwa tupa kila asubuhi, na mshipi unavutwa mara kwa mara kuangalia majani. Chambo chenye jani moja ni takataka tu inayoelea.

Nne, akishika, wapiga kasia wasisimame. Wanapiga makasia kadhaa zaidi ili ndoano iingie vizuri. Magesa alikuwa anasema wanaosimama kushangilia ndio wanaokula ugali kwa chumvi.

Chambo chao kilikuwa kijiko cha mezani kilichokatwa mpini, kimetobolewa na kufungwa ndoano. Miaka ile vifaa vilikuwa adimu, mtu alitumia alichonacho. Maduhu alikitazama kijiko kile kwa muda, jioni akatoa kwenye kifurushi chake usinga mweupe, mkia wa dume lake la mwisho. Akanyofoa singa chache, akazifunga juu ya ndoano ziifunike.

Magesa alicheka sana. "Sasa tunavua fisi?"

Lakini singa zile zikiwa majini zilitanuka na kujikunja kama kitu kinachopumua. Wiki ile ile walipata samaki kuliko majirani zao, na wavuvi wengine wakaanza kuja kwa Maduhu, wanamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Baba Kulwa," halafu wanaomba singa. Nilimwona anatembea mwaloni kifua mbele. Akamtumia dada yangu salamu kwa dereva wa lori la pamba: mavuno yakiisha, jiandae.

Alikuwa amepata wa wastani wengi. Mkubwa wa kubebwa mtini, bado.

Sasa niwaeleze mshipi wao ulivyokuwa. Ulikuwa nailoni nene, umekunjwa ndani ya karai. Anayeshika hana fimbo wala mashine ya kukunjia. Anausikia kwa kiganja, na kiganja kimevikwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mwisho wa mshipi umefungwa dumu tupu la plastiki lenye kizibo. Samaki akizidi nguvu, unatupa dumu majini. Linaelea, samaki analivuta hadi anachoka, nyinyi mnalifuata taratibu.

Haya Maduhu aliambiwa. Nilikuwepo. Bwire alimwambia, "Ukizidiwa, tupa dumu," naye akasema amesikia.

Jumapili yenyewe nilikuwemo mtumbwini. Asubuhi tulivu, maji yamelala. Magesa mbele, Bwire nyuma na kasia la kuongozea, Maduhu katikati, mimi mbele yake nimekaa kama abiria juu ya karai jingine lililopinduliwa. Ndege walikuwa wengi upande wa mwamba. Bwire akazunguka pembeni kama kawaida, akakata kona.

Mshipi ulikaza kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Karai la mshipi lilipiga kelele, nailoni ikawa inatoka inaungua kwenye ukingo wa mbao.

"Pigeni!" Bwire akasema, na makasia yakapigwa. Mbali nyuma yetu samaki akanyanyuka nusu mwili, kinywa wazi, akitikisa kichwa.

Maduhu alisimama.

Wakuu, niliyoyaona hapo yalikuwa mepesi na ya haraka, lakini nayakumbuka yote. Alizungusha mshipi kwenye mkono wa kulia. Mzunguko mmoja, wa pili. Akakita kisigino kwenye ubavu wa mtumbwi, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote.

Ukitoka jamii ya wafugaji utakuwa umeshaelewa. Ndivyo anavyoshikwa dume aliyeshtuka. Unazungusha kamba mkononi, unakita kisigino, unaegemea. Kamba ya ngozi au ya katani ni nene, inaubana mkono lakini haikati. Tena kwetu kuachia kamba ni aibu. Dume akimjeruhi mtu, anayeulizwa ni aliyeachia. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kukamua.

"Dumu!" Magesa alipiga kelele. "Baba Kulwa, tupa dumu!"

Nililichukua dumu mimi, nikalitupa. Halikusaidia kitu. Mshipi ulikuwa umeishia kwenye mkono wake, na mkono hauwezi kutupwa.

Mtumbwi uliinama, maji yakaingia. Maduhu hakulia. Alikuwa anasema na samaki, kwa sauti ya chini, maneno yale yale ya Kisukuma aliyokuwa akiwatulizia maksai shambani. Damu ilikuwa inashuka kwenye kiwiko.

Bwire aliacha kasia, akapita juu yangu, akakata mshipi kwa kisu.

Maduhu akamtazama Bwire, si mkono wake. Akamuuliza, "Mbona umekata? Alikuwa anakuja."

"Alikuwa anaondoka na wewe," Bwire akasema.

Tulimfunga kwa shati langu, tukamkimbiza zahanati, kisha hospitali. Alikaa huko muda, sikumbuki ni wiki ngapi. Vidole viwili vya katikati walivinusuru, lakini havikukunja tena. Mkono ule haukuweza kufumbata jembe wala mshipi.

Aliporudi kwangu, Bwire alikuja kumsalimia. Alikaa kwenye kigoda, akazungusha kofia yake mikononi kwa muda.

"Nafasi yako ipo," akamwambia. "Utashika kasia la nyuma, linashikika kwa kiganja. Mimi nitahamia katikati."

"Nimemtoa yule samaki?" Maduhu akauliza.

Bwire akatikisa kichwa kukataa.

"Basi utaratibu wako usiuvunje kwa ajili yangu. Watasema umeniokota."

Bwire akasema maneno ambayo nadhani aliyasema zaidi kwa nafsi yake. "Nilikufundisha ndege, nikakufundisha kona na mwamba. Kuzungusha mshipi mkononi sikukwambia usifanye. Haikunijia hata mara moja. Huku kwetu hata mtoto anayecheza ufukweni hafanyi hivyo."

"Na kwetu hata mtoto anafanya," Maduhu akasema. Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Nilimbembeleza akubali. Bwire alirudi tena akambembeleza. Akakataa. Salamu nyingine ikaenda Samuye na lori la pamba: msije.

Akaenda Bulyanhulu. Shimoni hakushuka, mkono haukumruhusu. Alikaa juu anaponda mawe kwa mkono wa kushoto na kuchambua yenye rangi ya dhahabu. Dada yangu alibaki Samuye. Kulwa na Doto walikua wakimwona baba yao nyakati za kulima tu, anakuja, anasimama pembeni ya shamba anaelekeza wengine jinsi ya kuwaongoza maksai wa kuazima, kisha anaondoka. Alirudi moja kwa moja akiwa na kifua kibovu, wakiwa wao tayari na wake zao. Hakukaa sana, tukamzika.

Bwire aliiacha nafasi ile wazi msimu mzima. Msimu uliofuata akampa mtu mwingine, na sikumlaumu.

Nimeliwaza jambo hili miaka mingi. Hakuna aliyekuwa mzembe. Bwire alifundisha kila alichojua kuwa anakijua. Maduhu alisikia na kujifunza kila alichoambiwa. Kilichomponza ni kitu ambacho pande zote mbili zilikiona ni cha kawaida mno kukitaja, kila upande kwa namna yake.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza habari za marlin, fuata ndege, kata kona, noa ndoano, na samaki akishika usisimamishe boti. Lakini mshipi usiuzungushe mkononi wala kiunoni, hata kama una mashine ya kisasa, hata kama ni kwa sekunde moja ya kumvuta karibu.

Na nyinyi mnaofundisha wageni, kabla hamjamwonyesha mtu chambo, muulizeni mikono yake imezoea kazi gani. Mfugaji, mchimbaji, mbeba mizigo, kila mmoja ana namna yake ya kushika kamba, na samaki mkubwa akivuta, mgeni hatakumbuka mlichomwambia asubuhi. Atashika kama alivyozoea.

Watu wa Mafia, Pemba na Kilwa mnaokokota baharini: huko kwenu mgeni mnamwambia nini kuhusu mshipi siku ya kwanza? Na wa ziwani, kama kuna mwenye ndugu aliyepatwa na kama haya, aandike hapa chini. Nitasoma yote.