Dada Funguo na barua za marehemu

Saa mbili na nusu asubuhi, msumeno bado haujaanza kulia. Katika chumba kidogo mbele ya karakana ya samani, mwanamke mmoja anapuliza vumbi la mbao kwenye kibodi, anavuta kigoda na kukaa.

"Kabla sijagusa kitu," anasema, "nani hapa analijua neno la siri la barua pepe ya ofisi?"

Fundi mkuu ananyoosha mkono. Karani ananyoosha. Mpiga rangi ananyoosha. Hata msukuma mkokoteni, aliyeingia kuomba maji ya kunywa, naye kanyoosha.

"Hata wewe, kaka?"

"Si liko ukutani, dada? Nalisoma kila nikisubiri mzigo."

Chumba kizima kinaangua kicheko. Naye anacheka nao, maana si mtu wa kufoka.

Wateja wake wanamwita Dada Funguo. Hupanga na kulinda barua pepe za biashara ndogondogo: oda anaziweka mahali pake, malalamiko mahali pake, takataka anazitupa, na mianya wanayopenyea matapeli anaiziba. Ana ofisi saba, na huzizungukia kwa miguu, begi mgongoni. Mwezi mzuri hupata kama mshahara wa karani. Mwezi mbaya hulipa kodi ya nyumba, kisha akaenda kula kwa dada yake.

"Mama yangu huwaambia majirani kwamba mimi ni mtu wa posta nisiye na stempu," anasema. "Nimeacha kumsahihisha. Hajakosea sana."

Kazi hii aliianza kwa machozi. Alikuwa mpiga chapa katika duka la kutoa kopi, akifungua barua zake kwenye kompyuta ya watu wote. Siku moja aliondoka bila kuifunga akaunti. Mtu akaingia na kubadilisha neno la siri, na barua ya kumwita kwenye usaili wa kazi ikafika akiwa hawezi kuisoma. "Nililia nikachoka," anakumbuka. "Nilipochoka, nikaanza kujifunza."

Hapa karakanani ameitwa kwa jambo zito kuliko takataka.

Mwenye karakana alifariki mwaka jana. Alikuwa fundi wa penseli sikioni, na kila alichotaka kukumbuka alikiandika ukutani: vipimo vya makabati, namba za wauza mbao, na neno la siri la barua pepe. Alipoondoka, hakuna aliyekuwa na moyo wa kubadili kitu. Mafundi waliendelea kujibu wateja kwa akaunti ileile, jina lake likiwa chini ya kila barua. Wateja wa mbali wasiojua msiba wakawa bado wanamsalimu, wanamuulizia afya.

Kisha karani, ambaye ni mpwa wa marehemu, akapiga picha ya kabati jipya na kuiweka mtandaoni. Kabati lilitoka zuri. Ukuta nyuma yake nao ulitoka vizuri, na neno la siri likasomeka herufi kwa herufi.

Baada ya siku chache, mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa ameagiza vitanda alimpigia simu mjane, ambaye wote humwita Mama Mkubwa.

"Mama, shikamoo. Usishtuke. Marehemu ameniandikia."

"Nani?"

"Mumeo. Anasema amebadilisha benki, nilipe kwenye akaunti mpya. Na mimi, Mama, jeneza lake nililibeba kwa bega hili."

Fundi mkuu, aliyekuwa akisikiliza pembeni, hakujizuia. "Kumbe huko nako kuna benki!"

Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakaa chini akalia.

Ndiyo maana leo amekaa karibu na Dada Funguo, mkoba mapajani, akiutazama mkono wa binti huyo kama anayelinda mtoto asichomwe sindano. Neno la siri limeshabadilishwa. Karani amepata anwani ya mauzo, fundi mkuu anwani ya karakana, na ya malipo inabaki kwa Mama Mkubwa mwenyewe. Kila mmoja ana neno lake, na juu yake namba ya kuthibitisha inayoingia kwenye simu yake.

"Na huu ukuta tuupake rangi?" mpiga rangi anauliza, kopo tayari mkononi.

"Uache," anasema Dada Funguo. "Ufunguo usiofungua kitu ni pambo tu."

Imebaki akaunti ya marehemu.

"Ukiifunga hiyo, binti yangu, umemzika mara ya pili," anasema Mama Mkubwa. "Watu bado wanamsalimu humo."

Msumeno wa jirani unasikika. Dada Funguo anamgeukia.

"Siifungi, Mama. Barua zake zote zitabaki, utazisoma ukitaka. Ila yeye hataandika tena. Hakuna atakayeandika kwa jina lake, si mimi wala tapeli. Atakayemsalimu atapata jibu moja tu linalojituma lenyewe. Na jibu hilo nataka uliseme wewe."

Mama Mkubwa anashusha mkoba sakafuni. Kisha anaanza kusema taratibu, na Dada Funguo anachapa bila kurekebisha kitu: *Asante kwa salamu. Mwenye anwani hii ametutoka. Kazi yake tunayo sisi, na mkono ni uleule. Tuandikie.* Chini yake, anwani tatu mpya.

"Tujaribu," anasema fundi mkuu. Anatoa simu, anaandika "Shikamoo bosi," anatuma kwenye anwani ya marehemu.

Simu inalia mkononi mwake. Anasoma, midomo ikisogea. Anavua kofia.

"Haya," anasema hatimaye. "Sasa nimeamini."

Mama Mkubwa anampigapiga mgongoni. "Nenda kazini, baba. Vitanda vya watu vinasubiri."

Dada Funguo anakunja waya wa kompyuta yake. Anasema anatamani kupata chumba chake mwenyewe, chenye viti vichache, awafundishe wenye biashara jambo moja ambalo wengi hulikwepa: kuchagua, wakiwa wazima, nani atapokea funguo zao.

"Watu wanaona kama uchuro," anasema. "Ukiwauliza, wanakwambia, 'Kwani naumwa?'"

"Mimi siumwi," Mama Mkubwa anadakia, akivuta kigoda chake karibu na kompyuta. Anamwita karani, mpwa wa mumewe. "Njoo, mwanangu. Dada, fungua tena hiyo kompyuta. Mwanafunzi wa kwanza niandike mimi."